Ruphin na Watu wa Portobelo Ukutani

Saa mbili asubuhi, Ruphin yuko juu ya ngazi mbele ya mkahawa mmoja wa Pinetown, karibu na Durban. Chini yake kuna ndoo ya rangi nyeupe, imeshafunguliwa. Hajaigusa.

Ukutani amechora Portobelo ya enzi za utumwa, mji wa Panama katika pwani ya Karibi. Ghuba imeingia ndani kama mfuko wa koti, milima ya misitu imeikumbatia, mizinga imepangwa juu ya kuta za ngome. Nyumba ya forodha nayo ipo, na fedha ya Peru ikingoja meli za Hispania. Mlangoni pake wamesimama watu wenye minyororo, kila mmoja na sura yake. Mama mmoja ana kovu kwenye nyusi. Chini ameandika: WAKONGO WANAUZWA.

Maneno hayo ndiyo yaliyoleta ndoo.

“Nilitaka bahari na minazi,” anafoka mwenye mkahawa. “Watu wanakuja hapa kula kamba, si kulia. Wafute hao!”

“Patron, ulisema nichore mji. Mji iko na bantu, iko na watu.”

“Futa, au shuka.”

Ruphin alijifunzia kazi kwao Kongo, mjini Lubumbashi, ambako picha ya sebuleni isiyosimulia jambo haina mnunuzi. Tangu afike Durban mwaka 1997, anachora vichwa vilivyosukwa kwenye milango ya saluni, fifty rand mlango mmoja. Chumba anachokaa na mkewe ni four hundred kwa mwezi.

Habari za Portobelo alizipata kwa mpishi wa meli, mzaliwa wa huko, aliyekuja saluni kunyolewa. Kila mwaka kabla ya Kwaresima, mpishi alimweleza, wajukuu wa watumwa waliouzwa pale hucheza ngoma na kujiita Kongo.

“Barabarani wananitukana kwerekwere, mgeni, rudi kwenu,” Ruphin anasema, sauti ikipanda. “Sasa hata hawa niwafukuze ukutani? Kwa mkono wangu? Eish, hapana!”

Mkewe, Henriette, aliyeshika ngazi, anamtazama, anamwita kwa jina la mtoto wao. “Papa Doudou, mwisho wa mwezi tutamlipa mwenye nyumba hasira yako?”

Ruphin anashuka, anamsukumia mwenye mkahawa ndoo. “Paka mwenyewe, patron.”

Naye anapaka, akianzia kwenye nyuso.

Ruphin anatazama mpaka uso wa mwisho. Kisha anamwambia mkewe atafute magunia ya unga, ayafue, ayashone pamoja. Atachora Portobelo upya juu yake, aitundike kwenye uzio wa stendi ya taxi, ng’ambo ya barabara, ikiutazama mlango wa mkahawa.

“Safari hii bahari itakuwa kadogo,” anasema. “Bantu batajaa.”