Stendi Isiyoyumba

Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka mwaka jana, na mtu wa kwanza niliyemdanganya ni mimi mwenyewe. Nilisema ni kiyoyozi. Baadaye nikasema ni kahawa, nikaacha kahawa, nikabaki na mtetemeko pamoja na hasira za asubuhi. Nina miaka hamsini na nane, nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na kwa muda mrefu kazi yangu ni kuja Guangzhou, China, kununua maua ya plastiki na mapambo ya harusi. Kuugua sijazoea. Kwetu mimi ndiye ninayewapeleka wengine hospitali na kuwagombeza wakikataa dawa.

Zamani nilichagua mzigo kwa macho yangu, na usipouzika najilaumu mwenyewe. Siku hizi wateja wananunua pamoja nami. Saa tisa alasiri ya huku ni saa nne asubuhi ya nyumbani, basi wapambaji wa harusi, wenye maduka ya Kariakoo na binti yangu anayeendesha duka letu wanakaa na simu zao, nami naingia duka la jumla pale mtaa wa Yide Lu nawaonyesha mali moja kwa moja kwa video ya simu. Anayetaka anaandika idadi. Mkono ulipoanza vituko vyake, na picha nayo ikaanza kuyumba. Siku moja mpambaji mmoja aliandika, "Mama, leo tuko ndani ya boti?" Wenzake wakacheka kwa vikaragosi. Mimi pia nilicheka, halafu nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za duka nikiwa nataka kulia.

Tuseme ukweli, sikuuogopa ugonjwa kama nilivyomwogopa binti yangu. Nilijua akigundua ataniambia inatosha, rudi nyumbani upumzike. Kupumzika maana yake ni kukaa barazani na kuulizwa kila saa kama nimekunywa maji. Na wateja wakigundua, watatafuta mtu mwingine mwenye mkono imara, na hapa mjini wapo wengi wanaoisubiri nafasi yangu. Kazi hii nimeipenda kuliko nilivyompenda mume wangu, Mungu amrehemu, naye alilijua hilo. Kwa hiyo niliamua kununua stendi ya miguu mitatu. Simu ikikaa kwenye stendi, picha itatulia, na hakuna atakayejua lolote.

Masharti yangu yalikuwa matatu. Iwe ndogo iingie kwenye mkoba, iwe imara, na isivuke yuan mia mbili. Nikapanda treni ya chini ya ardhi mpaka kwenye jengo moja la vifaa vya simu na kamera, nikafanya kosa ambalo hufanywa na watu wa mizigo tu. Nilizinyanyua moja moja nikizipima kwa mkono. Sisi tumeharibika hivyo. Mzigo wa ndege unalipiwa kila kilo, basi kwetu kitu chepesi ndicho kitu kizuri, kiwe ua, kiatu au sufuria. Nikachukua nyepesi kuliko zote, yenye miguu myembamba kama vijiti vya kulia wali. Nilimkata bei laoban, yaani bosi mwenye duka, mpaka akaniachia kwa kuchoka. Nilirudi chumbani nikijiona mjanja wa Guangzhou nzima.

Kesho yake niliisimamisha kwenye duka la maua katikati ya maboksi, nikavuta miguu yote na nguzo ya katikati mpaka juu kabisa, nikabana simu, nikawasalimu wateja. Feni ya dukani ilipogeukia upande wetu, stendi iliyumba, ikarudi, ikayumba tena, kisha ikaenda chini pamoja na simu yangu. Wateja wakaona dari, halafu hawakuona kitu. Kioo kilipasuka kona moja, na mie nikawaandikia kwamba mtandao umekatika.

Chumba nakaa na Mzanzibari mmoja anayenunua vitambaa vya mapazia, mwanamke wa rika langu, ambaye utani kwake ni sawa na kupumua. Alikiona kioo, akaifungua ile stendi kitandani, akaipuliza kwa mdomo. Ikatikisika.

"Shoga, wewe umenunua stendi au umenunua kipepeo?"

"Ni nyepesi kusafiria," nikamjibu.

"Mavi ya kuku nayo mepesi. Kesho n'takwenda na wewe. Na ukifika pale usininyanyulie kitu. Sukuma."

Hakuniuliza kwa nini ghafla nimehitaji stendi baada ya miaka yote ya kushika simu mkononi. Nilishukuru kwamba hakuuliza, ingawa sasa najiuliza kama hakuuliza kwa sababu alikuwa ameshajua.

Tukaenda duka jingine, ghorofa ya juu ya jengo lilelile. Laoban wa hapo alikuwa mwanamke, miwani ameipandisha kichwani, na Kiswahili chake kilikuwa maneno manne: mama, rafiki, rahisi, hapana. Nikamwonyesha simu, nikamwonyesha mkoba, nikapima kwa mikono mita moja na nusu hewani. Akatoa stendi tatu, akazipanga sakafuni.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi ya kung'aa, nyepesi na bado imara. Akaniandikia bei kwenye kikokotoo. Nikamwambia, "Tai gui le," ghali mno, nikarudi nyuma hatua moja kana kwamba itaniuma. Yeye na shoga yangu walicheka wakati mmoja.

Ya pili ilikuwa ya aluminiamu, bei ilinifaa, nami nilishaanza kuipenda. Lakini miguu yake ilifungwa kwa kuzungusha. Nikainama, nikajaribu kulegeza mguu mmoja. Vidole viligoma. Nikajaribu tena, nikijifanya nachunguza ubora wa chuma. Laoban aliutazama mkono wangu kwa muda mfupi tu, kama mtu anayetazama saa, kisha akaichukua stendi mikononi mwangu.

"Bu xing," akasema. Haifai.

Nilikasirika. Nimefanya biashara katika mji huu muda wote huo na sijawahi kukutana na muuzaji anayenikataza kununua. Shoga yangu wakati huo alikuwa meza ya pili anatazama taa za mapambo, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kumlalamikia. Nilisimama pale na mkono wangu nimeuficha chini ya mtandio.

Laoban akaivuta ya tatu mbele yangu. Nayo ilikuwa ya aluminiamu, nzito kidogo, imekwaruzwa ubavuni, na miguu yake ilifungwa kwa vibana vya kufyatua. Akaifungua kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto peke yake, tap, tap, tap, akaifunga kwa kiganja. Halafu akaniachia nijaribu. Nilifyatua vibana vyote bila shida hata kwa ule mkono wangu mkorofi. Akanionyesha kwamba miguu minene ya juu ndiyo ivutwe kwanza, ile myembamba ya chini ibaki ndani kama urefu unatosha. Nguzo ya katikati akaisukuma chini, akatikisa kidole: hiyo usiipandishe. Chini ya nguzo kulikuwa na ndoano. Bila kuniomba ruhusa akanivua mkoba begani, mkoba wenye pasipoti, chupa ya maji, vitabu vya risiti na nusu ya maisha yangu, akautundika pale.

"Sukuma," shoga yangu akasema, alikuwa amesharudi.

Nikaisukuma kwa kiganja. Ilikaa imara. Nikasukuma kwa nguvu zaidi, na bado ikakaa.

Tulikubaliana bei chini ya mia mbili, na nakiri sikubishana sana. Wakati shoga yangu ametangulia kwenye lifti, laoban aliandika kitu kwenye simu yake, akaigeuza nisome tafsiri. Ilikuwa Kiingereza cha hovyo, lakini maana ilifika: mama yake naye ilianza hivyo, niende nikaonane na daktari. Akajigusa kifundo cha mkono wake, kisha akaunyooshea kidole mkono wangu. Neno pekee lililonijia lilikuwa "meiyou", hakuna, neno ambalo wenye maduka hunijibu kila siku rangi ninayoitaka ikiwa imekwisha. Hakubishana nami. Alinifungia stendi kwenye mfuko wake akanipa kwa mikono miwili.

Siku iliyofuata, saa tisa, niliisimamisha palepale Yide Lu. Nikatundika mkoba, nikabana simu, feni ikageuka na hakuna kilichoyumba. Binti yangu akaandika, "Mama, leo picha safi sana." Nilijaa furaha. Nikachukua tawi la mawaridi meupe nianze kuwaonyesha.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Miaka yote mkono wangu ulikuwa nyuma ya simu, hakuna aliyewahi kuuona. Sasa simu imesimama yenyewe, na wateja wanataka ua ligeuzwe, wanataka kuona petali kwa karibu, na wa kulishika ni mimi. Nikalihamishia mkono wa kushoto, lakini petali hazifunguliwi kwa mkono mmoja. Niliponyoosha mkono wa kulia, mawaridi yote yakaanza kutetemeka. Picha ilikuwa imetulia kama ukuta. Nilikuwa natikisika mimi.

Hakuna aliyeandika kitu. Kidole changu kilikuwa karibu kabisa na kitufe cha kuzima, na ningeweza tena kusingizia mtandao. Sijui kwa nini sikufanya hivyo. Labda nilichoka tu kujificha kwenye kazi yangu mwenyewe. Nikaendelea kulifungua lile ua, petali baada ya petali, nikitaja bei kwa sauti niliyoilazimisha. Yule mpambaji wa boti ndiye aliyeandika kwanza. "Samahani mama." Chini yake akaongeza, "Niwekee meupe matawi mia." Wengine wakafuata na idadi zao. Nilifanya kazi mpaka mwisho, na binti yangu hakuandika tena hata neno moja.

Alipiga jioni, kabla ya magharibi. Nilikuwa nimekaa kitandani kwangu, na shoga yangu kitandani kwake anakata sampuli za vitambaa. Simu niliiweka sauti ya nje kwa sababu kuishikilia sikioni siku hizi kunanisumbua.

"Mama, nimeuona mkono."

"Kiyoyozi cha lile duka ni..."

"Mama."

Akaniuliza umeanza lini, nikamwambia kabla ya Ramadhani iliyopita. Akaniuliza kama nimekwenda hospitali, nikasema nitakwenda, na safari hii nilikuwa namaanisha. Nilisubiri aniambie nirudi nyumbani. Jibu nilikuwa nalo tayari, tena kali.

"Sikwambii urudi," akasema. "Najua utanikatia simu." Nikamsikia anavuta kamasi. "Ila niambie kitu kimoja. Unakula vipi?"

Nilikuwa na majibu ya daktari, ya wateja, ya nauli. Hilo sikuwa nimelitengenezea uongo. Niliutazama mkono umelala pajani, unacheza peke yake. Huwezi kukaa na wenzako kwenye sinia moja wakati tonge linamwagika kabla halijafika mdomoni, na watu wanatazama pembeni kwa adabu.

"Kwa kijiko," nikasema. "Nakula peke yangu, mwanangu, mwenzangu akishatoka."

Shoga yangu, aliyekuwa akinikaribisha sinia yake kila siku nami nikimwambia nimeshiba, aliweka mkasi chini.