Hamjambo ya Mheshimiwa Lenah

Lenah Karwirwa alikuwa na sauti ya soko, na hakuwahi kuionea haya. Kwa miaka mingi aliuza mitumba Karurumo siku za soko, nguo za watoto hasa, na yeyote aliyepita akijifanya haoni aliitwa mpaka ageuke. Alizaliwa Githongo, kule kwa Wameru, kwenye mashamba ya kahawa, akaolewa na Njoka, mfanyakazi wa baraza la mji huku upande wa Embu, wakapewa nyumba ya baraza katika mtaa wa Mabatini. Njoka alipofariki, Lenah alibaki katika nyumba ile ile, akilipa kodi mwenyewe, akilea watoto na kugombana na mfereji. Mji wenyewe sitautaja. Waliohusika wako hai, na wengine wana mdomo.

Sasa, mtu akiwa na mfereji usiotoa maji, ama anyamaze ama asumbue watu. Lenah alisumbua watu. Aliwaongoza akina mama na ndoo tupu hadi ofisi ya maji, wakaketi kwenye ngazi, wakubwa wakawa wanaruka ndoo ili waingie kazini. Maji yakarudi. Zahanati ilipokaa bila muuguzi, aliingia kwa mkubwa wa afya bila kubisha hodi, akavuta kiti, akasema yeye hana haraka. Muuguzi akaletwa. Basi kaunti zilipoanza na kila wadi ikawa inatafuta mwakilishi, majirani walimwambia, "Si usimame wewe, maana kelele unapiga hata bila mshahara?" Akasimama kwa tikiti ya chama kidogo ambacho mwenyekiti wake hakulijua hata jina lake, na akashinda.

Katika bunge la kaunti alijikuta upinzani. Walikuwa wachache, wanakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na chai inawafikia ikiwa imepoa. Watu walidhani kwamba sasa ni mheshimiwa, atahamia nyumba ya maana. Wapi! Alibaki Mabatini, mlango kwa mlango na Mama Nyaga, mjane aliyefagia wodi za hospitali hadi akastaafu, na ambaye kila asubuhi alimgongea ukuta kumjulisha kwamba bado yuko hai.

Kisha ukaja mswada wa nyumba. Serikali ya kaunti ilitaka kuzibomoa nyumba za zamani za baraza, Mabatini ikiwemo, ijenge magorofa. Lenah hakuwa na neno na magorofa. Nani anapenda paa linalovuja? Shida ilikuwa neno moja. Kifungu cha tisa cha mswada kilisema vizuri kabisa kwamba mpangaji ataarifiwa mapema, na jengo likikamilika, yeye ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kurudi. Lakini kifungu cha saba, kilipofika kwa watu wa Mabatini, hakikuwaita wapangaji. Mswada wote ulikuwa wa Kiingereza, na humo waliitwa "okupanti." Na okupanti, kilisema kifungu hicho, atapisha ujenzi mara moja akiambiwa. Basi. Hakuna kurudi, hakuna kuarifiwa. Watu waliolipa kodi tangu enzi za baraza walikuwa wamegeuzwa wapita njia kwa neno moja la Kiingereza.

Lenah alipoeleza jambo hilo nyumbani kwa Mama Nyaga, mama mzee aliuliza, "Na mimi niende wapi? Nyaga yuko Nairobi kwa chumba kimoja na watoto wanne. Shamba la mume wangu shemeji walishauza. Niende wapi, mwanangu?"

"Hauendi mahali," Lenah alisema. "Hiyo neno itatoka. Nitaitoa hata kama ni kwa meno."

Mheshimiwa Kivuti, mwenyekiti wa kamati ya nyumba, aliyasikia hayo. Kivuti hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu wa kutaka mambo yaishe. Alimvuta Lenah kando kwenye korido, akamwambia kwa upole, "Mama, wewe ni mkaaji wa pale pia. Jengo la kwanza likiisha, utakuwa na nyumba. Hiyo nakuahidi mimi. Mbona tupigane?"

"Na Mama Nyaga?"

"Kila mtu hawezi kusaidiwa, Mheshimiwa."

"Aki wewe!" Lenah alisema. "Nipande gorofani, nifungue dirisha, nione mama wa watu akibeba godoro kwa barabara? Nitakulaje chakula na macho yameona hayo? Weka nyumba yako, Kivuti. Tutaonana ndani."

Kwa kuwa bunge lile lilizoea Kiingereza, na Kiingereza cha Lenah kilikuwa cha kukwaruza, alikwenda kwa jirani mwingine, Muthamia, mwalimu mstaafu. Muthamia alimwandikia hotuba tamu, yenye "whereas" na ndugu zake wote, akamfanyisha mazoezi mpaka kuku wa mtaa wakawa wanaijua. Neno la kubadilisha lilikuwa moja tu: okupanti litoke, mpangaji aingie. Lenah alijifunza kila sentensi. Alijifunza hata mahali pa kutua na kutazama juu kidogo, kama mtu anayefikiri.

Siku ya mjadala, watu wa Mabatini walijaa kwenye roshani ya wageni. Mama Nyaga alikuwa amekaa mbele, na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Spika akamwita Mheshimiwa Karwirwa. Lenah akasimama, karatasi mkononi, akainua macho kama alivyofunzwa. Akawaona watu wake. Na hapo mazoea ya soko yakamponyoka.

"Hamjambo!" alisema.

"Hatujambo!" roshani nzima ikajibu.

Bunge likaangua kicheko. Spika akagonga meza. Lakini Kivuti alikuwa ameshasimama, uso umenyooka, kwa hoja ya nidhamu. Kanuni za bunge, alisema, zinaruhusu Kiingereza na Kiswahili, lakini anayeanza kwa lugha moja sharti amalize kwa hiyo hiyo. Mheshimiwa ameanza kwa Kiswahili. Aendelee nacho.

Spika alikuna kidevu. "Kanuni ni kanuni," alisema. "Mheshimiwa, Kiswahili mpaka mwisho."

Woi! Lenah aliitazama ile hotuba tamu ya Muthamia, ikawa haina maana zaidi ya karatasi ya kufungia nyama. Kiswahili alikuwa nacho, ndiyo, lakini cha sokoni, cha "shika hii, peleka ile", na Kimeru chake kikipenya kila mahali. Sheria kwa Kiswahili angeanzia wapi? Wenzake wa upinzani walitazama viatu vyao. Upande wa pili Kivuti alitabasamu, akaketi. Lenah alifikiria kuketi pia. Akafikiria ukuta wa jikoni kwake, na asubuhi ambayo hautagongwa. Akapiga moyo konde, akaiweka hotuba chini.

"Bwana Spika," alianza, "mimi sikusomea hii Kiswahili, mtanisamehea. Mswada inasema, kwa kifungu ya saba, ati hawa watu wa Mabatini, hawa mnaona pale juu, ni okupanti."

"Kiswahili, Mheshimiwa," Spika akamkumbusha.

"Ndiyo maana nataka unisaidie, Bwana Spika. Okupanti ni nani kwa Kiswahili? Mimi sijui. Mwenye mswada aniambie, nisiseme uongo mbele ya bunge."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikatika mapema. Spika alimgeukia Kivuti. Kivuti akasimama polepole.

"Ni mkaaji," alisema.

"Mkaaji. Asante. Sasa huyo mkaaji amekaa tu, ama analipa?"

"Analipa... kitu kidogo."

"Analipia nini?"

"Nyumba."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi, Bwana Spika, lakini hilo si..."

"Na mtu analipa nyumba kila mwezi, huku kwetu anaitwa nani?"

Kivuti alilijua jibu, bunge zima lililijua. Neno lile angelitamka, kifungu cha tisa kingeamka na kuwalinda watu wote wa Mabatini. Alikohoa. Akajaribu Kiingereza, Spika akamwambia mjadala huu wa Mheshimiwa Karwirwa ni wa Kiswahili, tena ni yeye mwenyewe aliyeutaka uwe hivyo. Kivuti akatazama karatasi zake.

"Anaweza kuitwa mpangaji," alisema mwishowe, "lakini kwa madhumuni ya mswada huu, si mpangaji."

Weee! Roshani ililipuka. Mtu alipiga mluzi. Spika aligonga meza mpaka kalamu zikaruka. Na katikati ya zogo lile Lenah alisimama wima bila kucheka, maana yeye hakuona la kuchekesha.

"Bwana Spika, umesikia," alisema watu walipotulia. "Analipa kama mpangaji. Akichelewa, anafungiwa mlango kama mpangaji. Siku ya kurudi kwa nyumba mpya, si mpangaji. Mimi sina mengi. Naomba hii neno moja itoke, tuweke ile anaitwa kila siku. Wakikataa, wasimame mmoja mmoja, waambie hawa watu wao si wapangaji. Waambie na Kiswahili, wasikie."

Akaketi.

Misheck, mjumbe wa upande wa serikali, ndiye aliyesimama baadaye. Hakuwa shujaa, alikuwa mtu mwenye nyumba za baraza katika wadi yake pia, na wapiga kura wake wawili walikuwa pale juu wakimkodolea macho. "Bwana Spika," alisema kwa Kiswahili, "mimi siwezi kwenda nyumbani kusema hivyo. Naunga mkono marekebisho." Baada yake wakasimama wengine, kila mmoja akipima roshani kwa jicho la pembeni. Spika alipouliza, sauti za ndiyo zilizifunika za la. Neno likabadilishwa.

Nje uwanjani watu walimkumbatia Lenah, wakaimba. Muthamia alimpa mkono akisema hotuba yake ingekuwa nzuri pia. Lakini Mama Nyaga hakuimba. Alimshika Lenah mkono, akamvuta kando.

"Kwa hivyo nitarudi?"

"Utarudi, mama. Imeandikwa."

"Wakishamaliza kujenga?"

"Ndiyo."

"Na mimi nitakuwa wapi wakijenga? Na nikifa kabla hawajamaliza?"

Lenah aliona aibu. Alikuwa amepigania neno, akasahau muda. Alimshika mama mzee kiwiko, akamrudisha ndani, wakampita askari wa mlangoni aliyeanza kusema wageni hawaruhusiwi kisha akaghairi, wakaingia chumba cha chai ambapo Kivuti alikuwa ameketi peke yake na mandazi.

"Mwenyekiti," Lenah alisema, "huyu ni Mama Nyaga. Mpangaji. Ana swali."

Mama Nyaga akaliuliza swali lake upya, neno kwa neno, bila kupandisha sauti. Kivuti aliweka kikombe chini.

"Kando ya zahanati kuna kiwanja cha kaunti, kitupu," Lenah alisema. "Anzeni hapo. Jengo likiisha, watu wahame kutoka mlango hadi mlango, ndiyo mbomoe. Hakuna mtu ataenda barabara."

Kivuti alisugua uso kwa viganja viwili. "Mkandarasi atalalamika," alisema.

"Alalamike. Mimi nitakuwa huko kumsikiza."

Kivuti akachomoa kalamu mfukoni. "Sawa. Tuanze na kiwanja." Akamsogezea Mama Nyaga kiti. "Na wewe, mama, ungependa orofa ya ngapi?"

"Ya chini," Mama Nyaga alisema, akiketi. "Na ukuta usiwe mnene sana. Nataka huyu anisikie asubuhi."