Vyura wa Masika

Masika alianza kukasirika asubuhi ile mkubwa wake wa kazi, Barthélemy, alipopakia friji na viti vyake vya sebuleni kwenye gari la makumbusho.

Ilikuwa mwaka tisini na sita, vita vikikaribia Goma. Makumbusho yale ya serikali, pale Himbi, yalikuwa nyumba ndogo tu, lakini rafu zake zilijaa vyura wa Kivu ndani ya chupa za alkoholi, kila mmoja na kikaratasi kilichofungwa mguuni. Masika ndiye aliyewatunza. Wengine aliwakamata mwenyewe, enzi za usichana wake, akiwafuata watafiti vijitoni kwa buti zilizompwaya.

“Papa Barthélemy, na chupa?”

“Ile ni vyura tu, mama. Tena ilishakufaka.”

Masika akaung’ang’ania mlango wa gari. “Kuko moja, pale tuliikamata kulikuwa pori. Leo ni kambi ya wakimbizi, miti yote ilishakuwa makala ya kupikia. Tukiipoteza, tutatoa wapi ingine?”

Gari likaondoka, likamwachia vumbi.

Risasi ziliponyamaza, alitoka kwake Mabanga akarudi kazini. Mlango ulikuwa umevunjwa. Askari waliokimbia walikuwa wamekunywa alkoholi yote, na vyura wametapakaa sakafuni, wengine wamekanyagwa hadi kuwa uji. Masika alilia kwa ghadhabu, akiwaombea askari wale watapike hata matumbo yao.

Kisha akafunga kitenge vizuri, akaenda kwa Rosine, jirani yake aliyepika pombe kali.

“Rosine, nipe kanyanga, ile kali inatoka ya kwanza.”

“Kuko kilio?”

“Ni ya vyura.”

Rosine alidhani vita vimemvuruga akili. Lakini alipoyaona macho yake, alijitwika mwenyewe bidoni, dumu zima la kanyanga. Kule makumbusho wakaokota vyura wasiopondwa, wakawatumbukiza humo, wakawapeleka Mabanga chini ya kitanda cha Masika.

Barthélemy alirudi mji ulipotulia. Akasimama mbele ya wakubwa wapya na waandishi wa habari, akatamka kwamba alijitoa mhanga kuokoa mali ya taifa.

“Uongo!” Masika alipaza sauti kutoka nyuma. “Uliokoa friji!”

Watu wakaangua kicheko. Haikupita wiki, Masika akafukuzwa kazi. Barthélemy aliposikia habari za vyura na kutuma watu wachukue bidoni, Masika aliziba mlango kwa mwili wake. “Mumuambie akuje yeye mwenyewe.” Hakuja.

Miaka ikapita, Masika akiuza maharage barabarani na kubadilisha kanyanga kila ilipochafuka. Barthélemy alipostaafu, mkurugenzi mpya, Wivine, alifika Mabanga na watafiti wawili. Walipofungua bidoni, yule chura wa pori lililokwisha alikuwamo, kikaratasi bado mguuni. Mtafiti mmoja akaanza kumshukuru kwa maneno marefu.

“Acha,” Masika akamkata. “Safari hii, nani atakamata ufunguo?”

Wivine akautoa ufunguo wa makumbusho mfukoni, akamkabidhi.

Barthélemy alipokufa, familia ilituma mtu kumwita Masika kilioni. Alikuwa mbele ya rafu za makumbusho, akijaza chupa alkoholi. Alimsikiliza yule mtu mpaka mwisho, akasema ana kazi, na hakwenda.