Mfereji Uliokatiza Kiwanja cha Injinia

Walisema sitaweza. Niliporudi kutoka Kampala na diploma yangu ya upimaji, baba yangu mdogo aliichukua pale sokoni Katito, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Karatasi nzuri sana. Lakini darubini ya Mzungu haishikwi na mtu wa Nyakach. Utawabebea fimbo mpaka uzeeke." Watu wakacheka. Mimi nikaiviringa diploma yangu taratibu, nikapanda basi la Kisumu.

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Msimamizi wa mifereji alikuwa Kalasinga mwenye ndevu nyeupe, nasi sote tulimwita Sardarji. Aliitazama ile tai, akauliza, "Wewe karani ya benki?" Kisha akanikabidhi stafu. Stafu ni fimbo ndefu ya mbao iliyochorwa namba. Mtu mmoja huisimamisha wima, na mwingine aliye mbali huisoma kwa dumpi, yaani darubini iliyosawazishwa juu ya miguu mitatu, ili ajue ardhi inapanda au inashuka kiasi gani. Anayesoma ndiye mpimaji. Anayeshika stafu ni mlingoti tu. Mimi na diploma yangu tulikuwa mlingoti.

Mlingoti hupata nafasi nzuri ya kutazama, nami nikautazama mji. Kisumu ya miaka hiyo, vita vikiwa vimekwisha juzijuzi, ilikuwa na taa za barabarani za kujivunia. Lakini sami, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, walipokuja, mwanga wote uligeuka rangi ya chai, na asubuhi mfagiaji aliwazoa kwa koleo. Bustani ilikuwa na kibao cha kukataza watu kukanyaga nyasi. Viboko, ambao hawakusoma, walizila. Bomba la maji safi lilipita mbele ya nyumba zetu za wafanyakazi, upande wa chini wa Kaloleni, bila kusimama, kama behewa la daraja la kwanza. Maji yaliyosimama kwetu yalikuwa ya mfereji.

Mfereji huo ulichimbwa kupeleka ziwani maji ya mvua na uchafu wa mtaa. Mvua iliponyesha jioni, na kwetu mvua hupenda jioni, uliturudishia kila kitu mlangoni. Masika ilipokaribia, watu waliinua vitanda vyao juu ya matofali. Jirani yangu, Mama Akinyi, alinionyesha chake.

"Mtoto ameendesha mara mbili tangu mwaka uanze," aliniambia. "Wewe si umesomea mambo ya maji huko Kampala?"

"Nimesomea, Mama."

"Basi yaambie yaende kwao. Au walikufundisha kuvaa hiyo kamba shingoni tu?"

Ofisini walisema kosa ni la wakazi, wanatupa takataka. Mimi nilikaa Jumapili nzima kwenye mdomo wa mfereji, pale unapoingia ziwani, nikaona kitu ambacho hakuna aliyekijali. Asubuhi upepo ulitoka nchi kavu, na maji ya mfereji yakashuka vizuri. Mchana upepo uligeuka, ukayasukuma maji ya ghuba kuelekea mjini. Ziwa likapanda kama shubiri moja. Mdomo ukazama, na mfereji ukaanza kurudi nyumbani. Waliouchimba walikuwa wamepima kimo cha ziwa asubuhi, kisha wakaenda kula.

Dawa ilikuwa kuinua mdomo. Lakini ukiinua mdomo unapoteza mteremko, na mteremko tayari ulikuwa haba, kwa sababu mfereji ulikizunguka kiwanja cha kriketi cha klabu ya Wazungu pande tatu. Ngazi fupi husimama wima zaidi kuliko ngazi ndefu kwenye ukuta uleule. Ukikatiza katikati ya kiwanja, safari inakuwa fupi, na mteremko unatosha hata mdomo ukiinuliwa.

Nilimweleza Sardarji. Alishika ndevu zake. "Are baba! Injinia ndiyo kapteni ya kriketi! Wewe taka kufa, kufa peke yako."

Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata alilitoa dumpi stoo, akalisimamisha mbele yangu, akaichukua stafu yeye mwenyewe. "Soma haraka," alisema. "Mimi hapana ona kitu." Ndivyo nilivyopima mstari ule wote, mimi nikisoma, bosi wangu akiwa mlingoti.

Jumatatu jioni nilimwomba Injinia, Mzungu mkuu wa ofisi yetu, aje mdomoni mwa mfereji. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu, mwenye haraka. Nilipomsomea vipimo vyangu alisimama ghafla.

"Nani nakupa ruhusa shika dumpi?"

"Diploma, Bwana."

Sardarji akaangalia viatu vyake. Niliongeza haraka, "Bwana, tupa sigara yako mferejini."

Aliitupa kwa hasira. Kipande kile kilizunguka mara moja, kikatulia kana kwamba kinafikiri, kisha kikaanza safari ya kwenda mjini. Injinia alikifuata kwa miguu kandokando ya mfereji mpaka kilipofika kwenye kona ya kiwanja chake.

"Wewe nataka mimi katia hapa? Katikati?"

"Katikati, Bwana. Tutaufunika kwa zege na udongo, mtacheza juu yake."

Alivuta pumzi. "Sikia. Maji ikirudi hata mara moja, wewe nabeba stafu mpaka kufa."

"Na isiporudi, Bwana?"

Aliwasha sigara nyingine, akaelekea klabuni. Lakini wiki ile ile wachimbaji waliingia kiwanjani, na kila mchezaji aliyepita alinitazama kana kwamba nimechimba kaburi la mama yake.

Mvua ya kwanza ya masika ilikuja jioni, na upepo wa ziwa ukaja nayo. Sikukimbia kujikinga. Nilisimama kwenye mlango wa Mama Akinyi, nguo zimenigandama, nikiutazama mfereji ukijaa. Ulijaa mpaka karibu na ukingo. Mama Akinyi akampakata mtoto. Kisha tukausikia, mngurumo mzito chini ya kiwanja, na maji yakaanza kushuka mbele ya macho yetu.

"Yameenda!" alipiga kelele. "Ee, mwana wa Katito, yameenda!"

Asubuhi Injinia alinikuta ofisini, akaweka dumpi juu ya meza mbele yangu. "Tafuta mtu ya kushika stafu," alisema, akaondoka.

Nililibeba dumpi hilo Kendu Bay, Homa Bay na Kisii. Nikapanda kuwa msimamizi, nikawasimamia hata waliokuja na diploma kutoka ng'ambo, na nikastaafu bila mfereji wangu hata mmoja kurudi nyuma. Wakitokea wanaosema nilikuwa na bahati, waache wakapime.

Siku hizi mvua ikinyesha jioni, nachukua mwavuli na kwenda kusimama pale mdomoni. Mke wangu hunifuata akilalamika.

"Mzee, utakufa kwa nimonia kwa ajili ya maji machafu!"

"Machafu, ndiyo," namwambia. "Lakini ni yangu. Tazama yanavyokwenda."