Taa za Breki za Sajini Naboth

Bienvenu alikuwa fundi umeme wa magari kule Uvira kwa miaka kumi na miwili. Alipokimbilia kambi ya wakimbizi ya Nakivale na mkewe Nabintu, walipewa kiwanja na jembe, na kwa miaka saba akalima maharage na mahindi. Hakulalamika. Mungu alikuwa amewafikisha wote wawili wakiwa hai, na mvua ilinyesha. Lakini kila lori la chakula lilipopita, alisimama akisikiliza injini yake mpaka sauti ipotee kabisa, na Nabintu alikuwa akimwona.

Mwaka 2011, muumini mmoja wa kanisani kwao akamwombea nafasi katika gereji ya Mbarara, upande wa Ruharo. Mwenye gereji, mzee Rutayisire, hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Kila anayekuja hapa anasema yeye ni fundi," alimwambia. "Kuna gari la afande pale, limenishinda. Nakupa leo tu. Ukipata ugonjwa wake, unabaki. Ukikosa, tutaagana vizuri."

Lilikuwa gari la Sajini Naboth wa kambi ya jeshi. Lilikuwa na mtambo wa kushika mwendo, ule mafundi wanauita kuruzi: unabonyeza kidude kwenye usukani, unatoa mguu kwenye mafuta, na gari linakwenda mwendo uleule lenyewe. Kwa wengine hiyo ni anasa. Naboth aliumia goti la kulia vitani, na bila kuruzi safari ya Kampala ilimtoa machozi. Sasa kuruzi ilikuwa haishiki kabisa. Mafundi wawili walishasema kompyuta imeungua.

Sajini alikuwa amekaa kwenye benchi na mkewe Clare, wakingoja.

"Ssebo, ndiye huyu?" Naboth akamuuliza mzee kwa heshima ya kwao, akitazama viganja vya Bienvenu vyenye sugu za jembe. "Umeniletea mtu wa kulima!"

"Afande, hata jembe ikivunjika tunauliza kwanza ilivunjikia fasi gani," Bienvenu akajibu kwa upole. "Hii yako ilianza kukataa lini?"

"Nilikuwa kazi, mbali, miezi minne. Gari ililala nyumbani. Narudi, nawasha, kila kitu iko sawa, kuruzi tu imekataa."

"Hakuna mutu aliigusa?"

"Nani anaweza kugusa gari ya sajini?"

Bienvenu akafumba macho kidogo akaomba kimya kimya, kama alivyofanya siku zote kabla ya kushika waya. Akaanza na fyuzi: nzima. Vidude vya usukani: vizima. Akalala chali chini ya dashibodi, akaipima swichi ndogo ya breki kwa taa yake ya kupimia. Mzee alipokanyaga pedeli, taa hiyo ya kupimia iliwaka, alipoachia, ikazimika. Swichi nayo nzima.

Ilikuwa saa tisa mchana. Jasho lilimwingia machoni. Alianza kutafuta maneno ya kumwambia Nabintu.

Ndipo akakumbuka jinsi fundi mkuu wake wa Uvira alivyomfundisha: ufuate umeme mpaka pale unapoishia, usikate tamaa katikati. Na umeme wa breki hauishii kwenye pedeli. Akazunguka nyuma.

"Mzee, kanyaga tena."

Hakuna kilichowaka. Akafungua vifuniko vya taa. Mahali pa balbu palikuwa patupu, pande zote mbili, pasipo hata kipande cha kioo.

"Afande, ampuli za breki haziko."

Naboth akainuka na goti lake bovu. "Zilikuwa hapo! Wewe peke yako ulienda huko nyuma. Mzee, huyu mkimbizi alikuja kutengeneza ama kuiba?"

Bienvenu alijua jina la mwizi likishamkaa, hakuna gereji Mbarara itakayomfungulia lango. Hakubishana. Akageuza mifuko yake nje: taa ya kupimia, kitambulisho cha Nakivale, na Agano Jipya dogo.

"Naboth, kaa chini," Clare akasema. "Ni mimi nilizitoa. Umeme ulikatika wiki mbili, na vifaranga wangu walikuwa wanakufa baridi. Nikazifunga kwa betri ya sola, ziwape joto. Walipona hamsini na moja. Jumapili ulikula mmoja, ukasifu supu."

Mzee Rutayisire ndiye aliyeanza kucheka, akashika tumbo.

"Kwa hiyo kuku wamekula kuruzi yangu!" Naboth akasema, na yeye kicheko kikamshinda.

Bienvenu akawaeleza taratibu. Kuruzi lazima iachie mara breki inapokanyagwa, kwa hiyo kompyuta inasikiliza waya wa breki muda wote. Waya huo hupita ndani ya balbu kufika kwenye bodi ya gari, ambako umeme hurudi kwenye betri. Balbu zote zikikosekana, njia hiyo inakatika, kompyuta inadhani mguu uko juu ya breki, basi inakataa. "Haikufa," alisema. "Ilikuwa inaogopa kutuua."

Wakaweka balbu mpya, wakashika barabara ya Bwizibwera. Mwendo ulipofika themanini Naboth alibonyeza kidude, akainua mguu. Gari likaendelea vilevile, likapanda kilima bila kulegea. Akalinyoosha goti lake bovu.

"Fundi," akasema mwishowe, "nimekuita mwizi mbele ya watu. Nitaomba msamaha mbele ya watu haohao."

Na kweli waliporudi akafanya hivyo, amesimama wima kama yuko gwaride. Clare naye akamshika Bienvenu mkono kwa mikono yake yote miwili. Kusema "ni mimi" mbele ya wanaume wale hakukuwa jambo dogo, na Bienvenu anamwombea baraka mpaka leo.

Mzee akatoa ovaroli ya bluu kabatini. "Kesho saa moja," akasema. "Itakuwa ndefu kidogo kwako."

Kwenye chumba walichoazimwa karibu na gereji, Nabintu alimwona akishuka kutoka barabarani, ameikumbatia ovaroli kifuani. Alisema "Asante, Bwana" mara tatu, akaipokea, akampima mumewe kwa macho, kisha akaketi mlangoni kulikokuwa bado na mwanga na kuanza kupunguza miguu ya ovaroli kwa sindano na uzi.