Kurasa Mbili Tu

Jirani yangu anasaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, na vumbi la mawe halitoki katika mikunjo ya vidole vyake hata akinawa mara tatu. Kila jioni hukaa mlangoni na Anisia, bintiye wa miaka sita, akimsomea riwaya ya watoto niliyowaazimisha. Husoma polepole, kidole chini ya mstari. Pikipiki ikipita, sauti hukatika, na kidole hubaki palepale mpaka mlio upotee. Mama wa mtoto ameolewa na mwanamume mwingine huko Kishapu, na kwa kuwa jirani hakutoa ng'ombe wa mahari, wajomba wamesema Anisia ni wa kwao na watakuja kumchukua.

Jana pikipiki ilisimama. Wajomba wawili wakaingia uani.

"Baba Anisia, mtoto yuko tayari?"

"Karibuni, mashemeji. Kaeni kwanza tumalize hadithi."

"Imebaki ndefu?" mmoja alicheka. "Au unasomea udaktari?"

"Kurasa mbili tu."

Walikaa. Anisia alimsogelea baba yake mpaka akaingia kwapani. Jirani alilamba kidole, akafunua kitabu, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Nilikuwa dirishani kwangu, na sentensi ile niliijua: ni ya ukurasa wa kwanza.