Shingo ya Bibi

Kila ninaponunua chumvi Makambako, nikisoma "yenye madini joto" kwenye pakiti, vidole vyangu hujikuta shingoni kabla sijalipa.

Nilipokuwa mtoto, muuguzi alikuja shuleni kwetu Lupembe asubuhi ya ukungu. Alitupanga mstari, akatupapasa shingo mmoja mmoja kwa vidole vya baridi vilivyonukia sabuni.

"Meza mate," aliniambia. Nikameza. "Wewe huna kitu."

Nikalia. Bibi yangu alikuwa na uvimbe shingoni, laini na wenye joto, nami nilizoea kuuegemezea shavu. Wanawake wengi kijijini walikuwa nao. Nilidhani ndivyo msichana anavyokua.

Muuguzi akanieleza kwamba ule ni ugonjwa, unaitwa goita, na chumvi yenye madini joto itatukinga.

Nikakimbia nyumbani. "Bibi, shingo yako ina ugonjwa! Dawa yake ni chumvi!"

Bibi aliacha kuchambua maharage. "Hata hii yangu itapona?"

"Muuguzi amesema ni kinga ya watoto."

Akachambua mengine kidogo. Kisha akavuta kitenge begani, akakizungushia shingoni.

Tangu siku hiyo, kila nilipomwegemea, shavu langu liligusa kitambaa.